Mnyororo wa ugavi wa pamba mkoani Simiyu

Mnyororo wa ugavi wa pamba mkoani Simiyu ni mfululizo wa shughuli zinazoanzia kwenye mbegu inayopandwa shambani katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, kaskazini mwa Tanzania, na kuishia kwenye viwanda vya kuchambua pamba, vya nyuzi na vya nguo ndani na nje ya nchi. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania, na makao makuu yake ni mji wa Bariadi.

Tangu miaka ya 1990 sehemu ya mnyororo huu imekuwa ikiendeshwa kwa kanuni za kutunza mazingira: kilimo hai bila viuatilifu vya viwandani, kupunguza dawa katika kilimo cha kawaida, na kufuatilia pamba kutoka kijijini hadi kwenye vazi. Kwa hiyo Simiyu ni mfano unaofaa kwa swali linaloulizwa katika masomo ya biashara na viwanda: je, kutunza mazingira katika ugavi huongeza au hupunguza mafanikio ya biashara? Mfano huo unaonyesha kwamba jibu hutegemea zaidi nani anabeba gharama ya utunzaji na nani anapokea bei nzuri inayotokana nao.

## Maana ya ugavi endelevu

Mnyororo wa ugavi ni njia yote ambayo malighafi hupitia: kuzalishwa, kukusanywa, kusafirishwa, kusindikwa, kuuzwa na hatimaye kutupwa au kutumika tena. Mnyororo huitwa endelevu kimazingira pale ambapo kila hatua hupangwa ili kupunguza uharibifu wa udongo, maji, hewa na viumbe hai. Kiwanda kinachosafisha maji yake machafu lakini kinanunua malighafi iliyozalishwa kwa kukata misitu hakijatimiza sharti hilo.

Mafanikio ya biashara katika viwanda hupimwa kwa mambo kadhaa: faida, gharama za uzalishaji, ubora wa bidhaa, uhakika wa kupata malighafi na uwezo wa kuingia katika masoko. Mwaka 1995 Michael Porter na Claas van der Linde walitoa hoja kwamba kanuni za mazingira zilizopangwa vizuri zinaweza kuifanya kampuni igundue upotevu, ibuni mbinu mpya na hivyo kufidia gharama ya kuzifuata kanuni hizo. Wapinzani wa hoja hiyo walisema kwamba kama akiba hizo zingekuwepo, wafanyabiashara wangekwisha kuzichukua bila kulazimishwa. Mwaka uliofuata kilitolewa kiwango cha kimataifa cha ISO 14001 kuhusu mifumo ya usimamizi wa mazingira.

Nchini Tanzania msingi wa kisheria ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa pamoja na vyombo vingine na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Zao la pamba lenyewe husimamiwa na Bodi ya Pamba Tanzania chini ya Sheria ya Pamba ya mwaka 2001.

## Mazingira ya mkoa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 2,140,497.

Upande wa mashariki mkoa unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na upande huohuo liko Pori la Akiba Maswa. Mto Simiyu, ulioupa mkoa jina lake, huelekea magharibi na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Kwa sababu hiyo udongo na kemikali zinazosombwa na mvua kutoka mashambani hazibaki mkoani. Hufika ziwani, ambako watu wa mikoa mingine na nchi jirani huvua samaki na kuchota maji.

Kilimo cha pamba hutegemea mvua, na mvua yenyewe si ya kuaminika. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria mkoani na kuwasaidia wakulima kukabiliana na ukame, kwa ushirikiano na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW.

## Historia

Kilimo cha pamba cha biashara kilianza Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani na kupanuka Usukumani wakati wa Waingereza. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha Malampaka katika wilaya ya Maswa kikawa njia ya kupeleka mazao Dar es Salaam. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilizalisha aina za pamba zinazofaa kwa eneo hilo. Baadhi zilikuwa na majani yenye vinyweleo vinavyowazuia chawa-jani wasinyonye utomvu. Mbinu hiyo ya kupambana na wadudu kwa njia ya mbegu yenyewe ilitumika Usukumani miongo mingi kabla ya neno "endelevu" kuenea.

Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Shirikisho hilo lilikusanya pamba ya wanachama na kumiliki viwanda vya kuchambua. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha katika miaka ya 1980, na katika msimu wa 1994/95 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kampuni binafsi.

Upanuzi wa mashamba ulikuwa na gharama kwa mazingira. Miti ilikatwa ili kupata ardhi ya kulima na kuondoa mbung'o, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ya wakati huo, pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, ilikuwa imebaki na uoto haba. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua *ngitili*, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 za uoto zilirejeshwa hadi mradi ulipomalizika mwaka 2004.

## Hatua za mnyororo

### Shambani

Pamba hupandwa zaidi kati ya Novemba na Desemba, na huvunwa kwa mkono kuanzia karibu Mei. Wakulima wengi wana mashamba madogo na hulima kwa jembe la kukokotwa na ng'ombe au kwa jembe la mkono. Wadudu wakuu ni funza wa vitumba, anayetoboa vitumba kabla havijafunguka, chawa-jani, wadudu mafuta, na kangambili, ambaye hutia madoa kwenye nyuzi.

Baada ya mavuno mkulima anatakiwa kung'oa miti yote ya pamba na kuiteketeza, ili wadudu na magonjwa yasivuke hadi msimu unaofuata. Sharti hili hupunguza haja ya dawa kwa wote, lakini huleta matokeo yanayotarajiwa pale tu ambapo jirani naye analitimiza.

### Ununuzi

Pamba inayotoka shambani, ikiwa bado na mbegu zake, huitwa pamba mbegu. Mkulima huitenga katika madaraja mawili: *pamba safi* na *pamba fifi*, yaani yenye madoa au uchafu. Tangu mwaka 2018 ununuzi umeelekezwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS), ambavyo hupima pamba na kuikabidhi kwa kampuni zenye leseni.

Hatua hii ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya ubora. Baadhi ya wauzaji huongeza maji, mchanga au chumvi ili mzigo uwe mzito. Tatizo jingine ni nyuzi za plastiki zinazochanika kutoka kwenye viroba na kuchanganyika na pamba. Plastiki hiyo haishiki rangi, hivyo huonekana kama kasoro kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi, na kiwanda cha nyuzi hukata bei ya pamba yote inayotoka eneo linalojulikana kwa uchafu huo. Mkulima aliyetunza pamba yake huadhibiwa pamoja na asiyetunza.

### Uchambuaji

Kiwanda cha kuchambua pamba, kinachoitwa pia *jineri*, hutenganisha nyuzi na mbegu. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, takriban theluthi moja huwa nyuzi na sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Nyuzi hufungwa katika marobota. Mbegu hukamuliwa mafuta ya kula, mashudu huwa chakula cha mifugo, na maganda yanaweza kuchomwa kuendesha mitambo ya kukamulia mafuta. Jineri inayouza mbegu na mashudu hupata kipato cha pili kutoka katika mzigo uleule, na taka kidogo hubaki. Hapa utunzaji wa mazingira na faida huenda pamoja bila kuhitaji cheti chochote.

Madhara makuu ya hatua hii ni vumbi la pamba, ambalo huweza kuharibu mapafu ya wafanyakazi, hatari ya moto na matumizi ya umeme.

### Nyuzi na nguo

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Baada ya uhuru serikali ilijenga viwanda vya nguo, miongoni mwao Mwatex jijini Mwanza, Mutex mjini Musoma na Urafiki jijini Dar es Salaam, lakini vingi vilidhoofika au kufungwa katika miaka ya 1980 na 1990. Kazi ya kusokota, kufuma, kutia rangi na kushona, yenye thamani kubwa zaidi na pia matumizi makubwa ya maji na kemikali, hufanyika mbali na Simiyu.

## Pamba hai ya Meatu

Mfano mkongwe wa ugavi endelevu mkoani ni mradi wa bioRe katika wilaya ya Meatu. Ulianza mwaka 1994 chini ya kampuni ya Uswisi Remei AG, inayofanya biashara ya nyuzi na nguo, baada ya mradi kama huo kuanza katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India. Mnunuzi mkuu wa nguo zake amekuwa Coop, msururu wa maduka ya Uswisi, kupitia chapa ya Naturaline. Kituo cha mradi kiko katika kijiji cha Mwamishali.

Wakulima wa mradi hawatumii mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Badala yake hutumia samadi, hubadilisha mazao kwa kupanda jamii ya kunde na ufuta, na hupanda mistari ya alizeti ndani ya shamba la pamba. Alizeti huvuta funza wa vitumba waache pamba, na huvutia wadudu rafiki kama sisimizi wanaowala funza hao. Dawa za asili, mfano mwarobaini, hutumika inapobidi.

Kampuni huahidi kununua pamba ya wakulima waliosajiliwa na kulipa nyongeza ya asilimia 15 juu ya wastani wa bei ya soko. Pamba hai huhifadhiwa na kuchambuliwa peke yake, na mnunuzi wa vazi Ulaya anaweza kufuatilia safari yake kwa namba iliyo kwenye lebo. Wakfu wa bioRe, ulioanzishwa mwaka 1997, umegharimia visima vya maji na majiko yanayotumia kuni kidogo. Majiko hayo hupunguza ukataji wa miti, na upungufu wa hewa ukaa unaopatikana huhesabiwa kufidia ule unaotokana na utengenezaji wa nguo zenyewe.

Tanzania imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa pamba hai barani Afrika.

## Cotton made in Africa

Njia ya pili ni ile ya Cotton made in Africa, mpango wa wakfu wa Aid by Trade, ulioanzishwa mwaka 2005 na mfanyabiashara Mjerumani Michael Otto. Mpango huu haukatazi dawa zote. Unakataza zile zenye hatari kubwa zaidi, unapinga ukataji wa misitu ya asili na ajira mbaya za watoto, na unafundisha wakulima kukagua shamba kabla ya kupulizia. Mkulima huhesabu wadudu kwenye mimea michache, kisha hupulizia pale tu idadi yao inapozidi kiwango cha madhara.

Kampuni ya Alliance Ginneries, yenye jineri wilayani Bariadi, ni miongoni mwa washirika wa mpango huo. Kampuni za nguo zinazotumia nembo yake hulipa ada ya leseni, na fedha hizo hurudi katika mafunzo na miradi ya vijijini. Tofauti na pamba hai, mkulima haahidiwi bei ya juu. Faida yake hutarajiwa kutokana na gharama ndogo ya dawa na mavuno bora.

## Matokeo kwa biashara

### Mapato ya mkulima

Nyongeza ya bei haimaanishi moja kwa moja kipato kikubwa. Ikiwa mavuno ya pamba hai ni pungufu kwa asilimia 10 na bei ni ya juu kwa asilimia 15, mapato ghafi hupanda kwa asilimia 3.5, kwa sababu 0.90 × 1.15 ni 1.035. Mavuno yakipungua kwa asilimia 20, mapato hushuka kwa asilimia 8. Akiba ya kutonunua dawa ndiyo huamua kama mkulima anabaki na faida. Uwezo wa samadi na mzunguko wa mazao kurudisha rutuba ni muhimu kuliko asilimia ya nyongeza yenyewe.

Kipindi kigumu ni mwanzo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka shamba la mazao ya msimu liendeshwe kwa kilimo hai kwa miaka miwili kabla ya kupanda zao litakalouzwa kama hai. Katika miaka hiyo mkulima hubeba gharama bila kupata bei, isipokuwa mnunuzi akikubali kuchangia.

### Uhakika wa soko

Bei ya pamba huamuliwa na soko la dunia. Bei elekezi nchini ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo mwaka 2019, lakini bei ya dunia iliposhuka kampuni zilisita kununua na wakulima wengi wakachelewa kulipwa. Mwaka 2020 bei ilianza kwa shilingi 810. Uzalishaji wa taifa, uliozidi tani 340,000 za pamba mbegu katika msimu wa 2019/20, ulishuka hadi takriban tani 120,000 msimu uliofuata. Kwa jineri, mtikisiko kama huo una maana ya mitambo kukaa bure huku gharama zake zikiendelea. Mkataba wa muda mrefu wa kununua, ambao ndio uti wa mgongo wa miradi ya pamba hai, hupunguza hatari hiyo kwa pande zote mbili.

### Mikopo ya pembejeo

Kampuni inayowakopesha wakulima mbegu, dawa na mafunzo hutegemea kurudishiwa wakati wa mavuno. Mkulima akimuuzia mnunuzi mwingine anayetoa shilingi chache zaidi, aliyekopesha hupata hasara. Kilimo cha mkataba, kilichoenezwa katika ukanda wa pamba mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilikwama kwa kiasi kikubwa kwa sababu hii. Mafunzo ya kutunza udongo yana tatizo lilelile: anayeyagharimia si lazima awe ndiye atakayenunua pamba.

## Changamoto

* Kuchanganyika kwa pamba. Ununuzi kupitia ghala moja la AMCOS hurahisisha usimamizi, lakini pamba hai inahitaji kutengwa kuanzia shambani hadi kwenye robota.
* Dawa kutoka shamba jirani. Upepo na bomba la kupulizia lililotumika kwa dawa za viwandani vinaweza kumfanya mkulima apoteze cheti bila kosa lake.
* Gharama ya ukaguzi. Mkulima mmoja hawezi kulipia mkaguzi wa kimataifa. Vyeti hutolewa kwa kikundi na mara nyingi humilikiwa na kampuni, hivyo mkulima akihama hawezi kwenda nacho.
* Usafiri. Marobota husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa kwa malori.
* Thamani kuondoka mkoani. Katika miaka ya mwishoni mwa 2010 Simiyu ilitangaza sera ya "wilaya moja, bidhaa moja", iliyozaa viwanda vidogo vya chaki Maswa na maziwa Meatu. Ulikuwepo pia mpango wa kiwanda cha vifaa tiba vya pamba katika eneo la Dutwa, wilayani Bariadi. Pamba nyingi iliendelea kuondoka ikiwa ghafi.

Kwa ujumla, hatua zinazopunguza upotevu, kama matumizi ya mbegu na mashudu, kupulizia kwa kipimo na kutunza usafi wa pamba, hulipa zenyewe. Hatua zenye gharama kubwa mwanzoni, kama kubadili shamba kuwa la kilimo hai, hudumu pale mnunuzi wa mwisho anapoahidi kununua kwa miaka mingi na bei hiyo inapomfikia mkulima.

## Tazama pia

* Mkoa wa Simiyu
* Bariadi
* Pamba
* Kilimo hai
* Ziwa Viktoria
* Wasukuma